Mjomba, nimeumia kiwanja cha ndege, bosi kanipa elfu hamsini ya pole

Wiki hii nilikuwa nimejipanga kujibu yale maswali ya kodi za fremu pale Ngamiani, ila nikafungua meseji nakuta watu watano wote wanafanya kazi viwanja vya ndege na wote wameumia au wameumizwa, sijui kumetokea nini huko. Basi wa fremu mnisubiri. Majina nimeyatoa, kampuni nimezitoa, na viwanja vyenyewe sivitaji, maana watu wana familia na mikataba yenyewe ya miezi mitatu mitatu.

Shikamoo Mjomba. Mi kijana wa miaka 27 naishi hapa Tanga, napakia na kushusha mizigo kwenye vile vindege vidogo, nipo kwa kontrakta sio kwa wenye kiwanja. Mwezi uliopita nilikuwa nimepiga magoti chini ya tumbo la ndege nasukuma begi, mwenzangu akaachia upande wake, mgongo ukalia ko, nikashindwa kunyanyuka. Supavaiza akanipakia bajaji akanipeleka zahanati, njiani akaniambia niseme nimeanguka nyumbani eti ndo ntahudumiwa haraka. Kesho yake bosi kaja kunijulia hali, kaniachia elfu hamsini na boksi la juisi. Sa hivi wiki ya tatu sijaenda kazini na mshahara umeingia nusu. Mama anasema nishukuru hiyo pole nisigombane na watu. Je nina haki au ndo nimeshakula pole imeisha?

Marahaba mwanangu, pole sana. Mgongo mbaya, mtu anakuona umekaa kitandani mzima anadhani unadeka.

Kwanza mama yako simlaumu hata kidogo, ye anaongea vitu alivyoviona. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya mkonge njia ya Pangani, baba yangu alikuwa analisha majani kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, na siku moja korona ikaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alichopewa nakikumbuka, blanketi na pesa ambayo haikufika hata mwisho wa mwezi, na akashukuru, tena akaenda ofisini kwa miguu yake kushukuru. Wakati ule sheria iliyokuwepo ni ile ya mkoloni, ikaendelea kuwepo miaka na miaka baada ya uhuru, mpaka inakuja kufutwa, kikomo chake cha juu kabisa kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Yaani mkono mzima, laki moja na elfu nane. Kwahiyo wazee wetu wakizoea kusema shukuru ulichopewa, wamesomeshwa na hiyo.

Lakini hiyo imeshakufa. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na tangu Julai 2015 kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndo huo mnaousikia WCF. Kila mwajiri Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, anatakiwa ajisajili na achangie, na anachochangia sa hivi ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Sasa we umesema kwenye meseji ya pili unapokea 350,000. Piga hesabu, mchango wako wewe kwa mwezi ni shilingi 1,750. Chai na chapati mbili. Halafu mtu akiumia, anayemtibu na kumlipa ni Mfuko, sio bosi kutoka mfukoni kwake. Ndo hapo nakuuliza, kama bosi ameshachangia, kwanini supavaiza wake ateseke kukuambia useme umeanguka nyumbani? Kuripoti kunampunguzia mzigo. Mi kwa uzoefu wangu, na nilikaa miaka mingi mwakilishi wa wafanyakazi, bosi anayeficha ajali mara nyingi ni yule ambaye jina lako hakulipeleka kokote, anajua ajali ikitajwa ataulizwa michango iko wapi. Simhukumu bosi wako simjui, ila hiyo juisi inaninukia.

Na usiogope kwamba kwasababu hakukusajili basi umekosa. Kosa la mwajiri kutochangia ni la kwake na Mfuko ndo wa kumbana, wewe haki yako iko palepale. Vilevile hili la kuwa kwa kontrakta na mkataba wa miezi mitatu, haliondoi kitu, mwajiri wako ni huyo anayekulipa na sheria inamhesabu mfanyakazi hata wa muda mfupi.

Haya, sasa kinachoniuma roho kwenye habari yako sio elfu hamsini, ni ile zahanati. Ulisema umeanguka nyumbani. Hayo maneno yameandikwa kwenye faili, na faili haliongei lingine isipokuwa lililoandikwa. Kesho asubuhi rudi palepale, muombe daktari aliyekuona, mweleze ukweli kwamba uliumia kazini unapakia mzigo na uliambiwa useme vingine, muombe aandike maelezo mapya yenye tarehe ya siku hiyo. Atakukasirikia kidogo, vumilia. Hautakuwa wa kwanza, nina hakika ameshawasikia wengi walioanguka nyumbani na ovaroli mwilini.

Ukitoka hapo kaa chini uandike. Usipige simu, simu haina ushahidi. Andika meseji kwa supavaiza, WhatsApp inatosha kwa kuanzia, halafu barua ya karatasi kwa bosi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au hata iliyosainiwa na sekretari kuwa kaipokea. Andika siku gani, saa ngapi, ndege ilikuwa inatoka wapi, mlikuwa mnashusha au mnapakia, nani alikuwa upande wa pili wa begi, nani alikuona huwezi kusimama, nani alikupakia kwenye bajaji. Dereva wa bajaji pia mtafute mapema, Tanga waja leo waondoka leo, asije akawa kahamia Korogwe siku ukimhitaji. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 kuupelekea Mfuko. Akikaa kimya, nenda mwenyewe, mfanyakazi haruhusiwi kufungiwa mlango kisa mwajiri amenuna, unaweza kuwasiliana na WCF moja kwa moja au uanzie kwa afisa kazi wa mkoa. Madai yenyewe yana miezi 12 tangu siku ya ajali, kwahiyo hujachelewa, ila usinisikie miezi 12 ukaenda kulala, mashahidi wa kazi za shifti wanapotea kama moshi.

Utapata nini? Matibabu, hilo la kwanza, na lile uliloshalipia tunza risiti. Kwa muda ambao hauwezi kufanya kazi kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara, kwako ni 245,000 kwa mwezi, na hayo yanaweza kwenda mpaka miezi 24 kama bado haujapona. Ikija kuonekana mgongo umebaki na ulemavu wa kudumu unapimwa kwa asilimia, ikiwa 30 kushuka chini unalipwa mara moja kwa mkupuo, ikizidi 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi. Sasa weka hapo pembeni ile elfu hamsini uitazame vizuri. Usiirudishe lakini, pole ni pole, mila yetu mtu akija kukuona mkono haji mtupu. Ila kama kuna karatasi anataka usaini kuwa umepokea na huna dai lolote, mwambie miwani umeiacha kwa mama.

Na huo mshahara nusu, waulize wameukata kwa hesabu gani. Kuna waajiri wanamuweka mtu aliyeumia kazini kwenye likizo ya ugonjwa ya kawaida, ile ya siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 mshahara kamili na 63 nusu mshahara. Hata hivyo nusu huja baada ya 63 kuisha, wewe una wiki tatu tu! Kwahiyo hata kwa hesabu yao wenyewe wamekosea.

Jambo moja la pembeni, maana limenikaa. Kwenye ndege kubwa begi moja haliruhusiwi kuzidi kilo 32 na sababu yake sio ndege, ndege ina nguvu zake, sababu ni mgongo wa mpakiaji. Kwenye vindege vidogo abiria anaambiwa kilo 15, na watu wanadhani basi kazi ya huko ni nyepesi. Sio nyepesi, maana huku hakuna mkanda wa kupandishia, kisanduku cha mizigo kiko chini ya tumbo la ndege, mtu anapiga magoti kwenye lami ya moto anasukuma huku kajikunja, na kilo 15 ukiwa umejikunja inakula mgongo kuliko 30 ukiwa umesimama. Hili uliandike kwenye maelezo yako, kwamba ulikuwa umepiga magoti, daktari atalielewa.

Mjomba habari za Tanga. Mi mama wa watoto watatu naishi Bagamoyo, Magomeni yetu sio ile ya Dar, nafanya usafi kiwanja kikubwa kimoja cha ndege. Coaster ya kazini inatupitia saa tisa usiku. Ilikwepa ng'ombe ikaingia mtaroni kabla ya kufika Mapinga, mimi mkono umevunjika. Ofisini wanasema hiyo ni ajali ya barabarani sio ya kazini, tukadai bima ya gari. Ni kweli?

Habari za Tanga njema mama, mvua imetunyeshea mpaka imetuchosha.

Wangekuwa na hoja kama ungekuwa umepanda daladala yako mwenyewe au bodaboda ya jirani. Safari ya mtu kutoka kwake kwenda kazini kwa usafiri wake kwa kawaida haihesabiki kazi. Lakini gari ikiwa ni ya mwajiri, dereva ni wake, imewekwa maalumu kubeba wafanyakazi na hamlipi nauli, sheria inakuhesabu umeshaingia kazini tangu ulipokanyaga ngazi ya Coaster. Kwahiyo swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo, mlikuwa mnalipa? Kama walikuwa wanawakata hata buku ya mafuta, usifiche, sema, ijulikane mapema.

PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, mlipewa polisi? Itunze kama cheti cha ndoa, toa kopi tatu. Andikeni majina yenu wote mliokuwemo, kila mmoja na kituo alichopandia, mpeleke taarifa kwa pamoja maana kumi wakiandika barua moja bosi anaisoma akiwa amekaa vizuri. Bima ya gari ni habari nyingine na ina watu wake, isiwe kichaka cha ofisi kujificha. Na mama, saa tisa usiku barabara ile ya Bagamoyo, ng'ombe wanalala kwenye lami kwasababu ina joto, mwambieni dereva apunguze mwendo, hilo halina sheria.

Mjomba mi sijaumia ila naona kama nazeeka. Nina miaka 41, tisa kati ya hiyo naongoza ndege kupaki, napunga zile fimbo. Mke wangu analalamika tv naweka sauti kubwa, usiku masikio yanalia nyiiii kama kuna mbu. Hii nayo ni ya kudai? Hakuna siku naweza kusema niliumia.

Swali lako ndo nimelipenda kuliko yote, maana wa mgongo anajulikana ameumia, we unaonekana mzima wakati unaibiwa kidogo kidogo kila siku.

Ndiyo, ni ya kudai. Sheria haisemi ajali tu, inasema na magonjwa yanayotokana na kazi, na usikivu kuharibika kwa kelele ni katika magonjwa ya zamani kabisa kujulikana, mafundi wa bati na wa reli walikuwa nayo kabla hata ndege hazijaruka. Wataalamu wanaweka mstari kwenye desibeli 85 kwa shifti ya masaa manane, kuanzia hapo sikio linatakiwa likingwe. Injini ya ndege ukiwa karibu inavuka 120. Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi, usidhani 120 ni 85 ukaongeza kidogo, kila zikipanda 10 nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, kwahiyo pale ulipo wewe ni zaidi ya mara elfu moja. Vile vinywele vidogo ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Ndo maana nakuambia usisubiri.

Kapime usikivu hospitali yenye kipimo chenyewe, ile ya kuvaa hedifoni na kubonyeza ukisikia mlio, sio ile ya daktari kukunong'oneza kwa nyuma. Mwambie kazi unayofanya na miaka uliyofanya. Matokeo yakisema ni kelele, hayo ndo yanakuwa tarehe yako, na taarifa inaenda kwa mwajiri kama ya ajali tu, kuna fomu ya magonjwa na kuna fomu ya ajali, usichanganye. Watajaribu kukuambia ni uzee au muziki. Waulize walikupima lini ulipoajiriwa. Kama walikupima na ulikuwa mzima, wamekusaidia kudai. Kama hawakukupima, wameanza wao kuvunja sheria, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawataka wapime afya za wafanyakazi na watoe vifaa vya kujikinga bila kumdai mfanyakazi hata mia. Wewe umesema ulipewa vizibo vya masikio mwaka wa kwanza na havikuja tena. Miaka minane na kizibo kimoja!

Tv punguza. Mkeo ana haki yake pia.

Mambo Mjomba. Toroli ya mizigo imenikanyaga vidole vya mguu, bosi anasema ni uzembe wangu nilivaa ndala na hanilipi. Kweli nilivaa ndala.

Poa. Swali kwako, buti alikupa? Naona umekaa kimya kwenye meseji yako, nadhani jibu tunalijua.

Hata angekupa ukaacha kuvaa, fidia hii haiangalii nani mzembe kama kesi ya mahakamani, inaangalia uliumia ukiwa kazini kwasababu ya kazi au la. Kinachoweza kukuharibia ni utovu wa nidhamu mkubwa wa makusudi, mfano mtu kalewa halafu anaendesha trekta ya mizigo, na hata hapo kama amepata ulemavu mkubwa au amekufa ameacha wanaomtegemea, hafungiwi mlango. Ndala sio pombe. Ripoti. Ila kijana, ndala kwenye eproni, pale zinapopaki ndege? Vidole vilivyobaki vivalishe kitu.

Na kuna dada kauliza kwa mstari mmoja kwamba anakatwa elfu tano kila mwezi kwenye mshahara, kwenye salari slipu imeandikwa mchango wa fidia. Hapana. Hakuna mfanyakazi anayekatwa kwa ajili ya Mfuko huu, ni mwajiri peke yake. Weka hizo slipu zote, zipeleke kwa afisa kazi, na muulize hiyo elfu tano huwa inakwenda wapi maana na mimi ningependa kujua.

Mjomba niliripoti nimeumia bega, wiki mbili baadae wamenipa barua ya kuachishwa eti kupunguza wafanyakazi, aliyepunguzwa ni mimi peke yangu. Nipo Tanga.

Huyu nilimjibu pembeni siku ileile sikusubiri gazeti, hapa naweka kwa ajili ya wenzake. Fidia na kuachishwa kazi ni njia mbili tofauti, ya fidia ina mwaka mzima, ya kuachishwa ina siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Kuachishwa hakuui madai ya bega, bega liliumia ukiwa mfanyakazi wao. Lakini barua alipewa tarehe 11, ananiandikia tarehe 4 ya mwezi uliofuata, siku 24 ameziishi nyumbani akimsubiri bosi apoe. Nikamwambia acha kunieleza, kachukue ile fomu namba moja, jaza, nakala moja mpelekee mwajiri na asaini kuwa kapokea, nyingine irudi CMA na huo ushahidi. Akaniuliza kama anahitaji wakili. Kwa hatua ya usuluhishi hapana, mnakaa mezani, na kama yupo kwenye chama cha wafanyakazi aende na kiongozi wa chama.

Fomu kapeleka siku ya 27. Sekretari wa kampuni alikataa kusaini, akaenda na mjumbe wa mtaa, ndo akasaini. Tunasubiri tarehe ya kuitwa.